Mali ya Vita Nyumbani mwa Bwana

Katika sura ya 26 ya Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kuna orodha ya majina ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma. Ni majina ya Walawi waliolinda milango na maghala ya nyumba ya Mungu. Mmoja wao, Shelomithi, wa uzao wa Musa, alikabidhiwa pamoja na ndugu zake ghala la pekee, yaani ghala la vitu vilivyowekwa wakfu. Humo, asema mwandishi, vilitunzwa vitu ambavyo mfalme Daudi, wakuu wa koo na majemadari walivitoa katika nyara za vita, ili vitumike kwa matengenezo ya nyumba ya Bwana. Kisha anawataja watu wanne wengine ambao matoleo yao yalikuwa mumo humo: Samweli mwonaji, Sauli mwana wa Kishi, Abneri mwana wa Neri, na Yoabu mwana wa Seruya.

Tusimame kidogo mbele ya majina hayo. Sauli alimwinda Daudi milimani ili amwue. Samweli ndiye aliyemtangazia Sauli kwamba ufalme umeondolewa kwake. Abneri alikuwa jemadari wa Sauli. Yoabu alikuwa jemadari wa Daudi, naye alimchukua Abneri kando kwa hila katika lango la Hebroni, akamchoma tumboni hata akafa. Watu waliowindana na kuuana, leo matoleo yao yamelala bega kwa bega katika chumba kimoja, chini ya mlinzi mmoja.

Mali iliyopatikana kwa vita ikiingia nyumbani mwa Mungu, inakuwa nini? Je, inatakaswa kwa kuingia tu? Inakuwa mali ya nani? Waisraeli wa kale waliishi na maswali hayo kwa karne nyingi, na majibu waliyoyatoa hayakufanana nyakati zote. Nasi tunaoishi katika nchi ambamo neno «kupora» halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote, tuna sababu ya kuwasikiliza.

Maana ya kuweka wakfu

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Neno «wakfu» tulilipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kusimamisha. Mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi tena. Waebrania walikuwa na neno jingine lililo kali zaidi, yaani «herem», ambalo kwa mzizi wake ni ndugu wa neno letu «haramu». Kitu kilichofanywa herem kiliondolewa kabisa mikononi mwa wanadamu. Kikiwa fedha au dhahabu, kiliingia katika hazina ya Bwana. Ukiwa mji, uliteketezwa.

Desturi hiyo haikuwa ya Israeli peke yake. Mwaka 1868, huko Dhiban, upande wa mashariki wa Bahari ya Chumvi, lilionekana jiwe lenye maandishi ya Mesha, mfalme wa Moabu katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Katika jiwe hilo, ambalo leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre mjini Paris, Mesha anasimulia jinsi alivyouteka mji wa Nebo kutoka kwa Waisraeli, akawaua watu wake 7,000, na kuufanya herem kwa ajili ya mungu wake. Anatumia neno lile lile. Anaongeza kwamba alivichukua vyombo vya Bwana, Mungu wa Israeli, akaviburuta mbele ya Kemoshi, mungu wa Moabu. Wafilisti nao walifanya vivyo hivyo: walipoliteka Sanduku la Agano waliliweka katika hekalu la Dagoni huko Ashdodi, na silaha za Sauli aliyeuawa walizipeleka katika nyumba ya Ashtorethi. Na upanga wa Mfilisti Goliati, kwa upande wake, ulitunzwa na makuhani wa Israeli huko Nobu, umefungwa katika nguo nyuma ya efodi.

Kwa watu wa nyakati zile, basi, nyara katika hekalu zilikuwa ushuhuda kwamba mungu fulani ameshinda. Lakini katika Maandiko Matakatifu kuna jambo lililozidi hilo. Kuweka wakfu kulikuwa pia mpaka uliowekewa mkono wa mshindi. Yeriko ulipoanguka, Yoshua aliagiza kwamba fedha yote, dhahabu, na vyombo vya shaba na vya chuma ni vitakatifu kwa Bwana. Askari asijichukulie kitu. Akani akajichukulia. Alificha chini ya hema lake joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Kwa vipimo vyetu, ni fedha ya kilo mbili na kitu, na dhahabu ya nusu kilo hivi. Ni mzigo ambao mtu mmoja anaubeba bila shida, lakini kwa ajili yake Israeli ilishindwa mbele ya mji mdogo wa Ai. Msimulizi ataka tuelewe kwamba vita inapoanza kuwa biashara ya wapiganaji, jeshi zima limekwisha kupotea.

Sauli naye alijikwaa hapo hapo. Baada ya kuwapiga Waamaleki aliwaacha hai kondoo na ng'ombe walio bora, na Samweli alipomwuliza, alijibu kwamba wameachwa ili wachinjwe kuwa sadaka kwa Bwana. Samweli hakuupokea udhuru huo. Alimwambia kwamba kutii ni bora kuliko sadaka. Ni jibu la zamani sana kwa kila mtu anayetaka kuifunika tamaa yake kwa kitambaa cha altare.

Hatuwezi kuzisoma kurasa hizi bila kuumia. Katika Yeriko waliuawa wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Na Akani alipigwa mawe pamoja na watoto wake. Kanisa halituombi tufumbe macho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba vitabu vya Agano la Kale vina ndani yake pia mambo yasiyo makamilifu na ya kitambo. Papa Benedikto XVI, katika Verbum Domini ya mwaka 2010, alizitaja waziwazi kurasa zile ngumu zinazosimulia ukatili, akatukumbusha kwamba Mungu alijifunua polepole, akitembea na watu jinsi walivyokuwa. Tuzisome basi kama njia ndefu, tukitazama inaelekea wapi.

Dhahabu iliyopitishwa motoni

Hata katika kurasa hizo ngumu kuna alama za dhamiri iliyokuwa ikiamka. Sura ya 31 ya Kitabu cha Hesabu inasimulia vita na Wamidiani. Askari waliorudi hawakuruhusiwa kuingia kambini moja kwa moja. Aliyeua mtu au kugusa maiti alikaa nje siku 7. Dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi vilipitishwa motoni na kutakaswa kwa maji. Na kila kisichoweza kustahimili moto kilipitishwa majini. Nyara ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya waliokwenda vitani na waliobaki nyumbani, na kila upande ulitoa fungu la Bwana: wapiganaji kimoja katika kila 500, na watu wengine kimoja katika kila 50. Kwa hiyo hata mjane aliyebaki kambini alihesabiwa.

Kisha wakuu wa jeshi walimwendea Musa. Walikuwa wamewahesabu askari wao, wakaona hakupungua hata mmoja. Wakaleta mapambo ya dhahabu waliyoyapata, vikuku, pete na hereni, jumla yake shekeli 16,750, yaani zaidi ya kilo 180. Lakini hawakusema kwamba wameileta kuwa shukrani tu. Walisema wameileta ili kufanya upatanisho kwa ajili ya nafsi zao mbele ya Bwana. Watu walioshinda, wasiopoteza hata mwenzao mmoja, waliona kwamba wana deni. Damu waliyoimwaga haikuwa imenyamaza.

Jambo hilo linamrudia Daudi kwa nguvu zaidi. Yeye ndiye aliyekusanya nyara nyingi kupita wote, na kuziweka wakfu: kutoka Moabu, kwa Waamoni, kwa Wafilisti, kwa Waamaleki. Hata hivyo, kadiri ya Mambo ya Nyakati, alipotaka kujenga nyumba ya Mungu aliambiwa kwamba hataijenga yeye, kwa kuwa amemwaga damu nyingi. Mali yake ilikubaliwa. Mikono yake haikukubaliwa. Tofauti hiyo ni nzito, nasi tutairudia.

Shaba ya Hadadezeri

Katika vita vyake na Hadadezeri, mfalme wa Soba katika nchi ya Aramu, Daudi alichukua ngao za dhahabu, na katika miji ya mfalme huyo alitwaa shaba nyingi mno. Mambo ya Nyakati yanatuambia mahali shaba hiyo ilipoishia: Solomoni aliitumia kutengeneza ile bahari ya shaba, yaani birika kubwa ambamo makuhani walinawa, na nguzo, na vyombo vya hekalu. Nguzo mbili, Yakini na Boazi, zilisimama mbele ya mlango, kila moja mikono 18 kwenda juu, kama mita 8 au 9. Kila Mwisraeli aliyepanda kwenda kusali aliiona kwanza mali ya Hadadezeri.

Je, hazina hiyo iliilinda Yerusalemu? Historia inajibu kwa ukali. Katika mwaka wa 5 wa Rehoboamu, mwana wa Solomoni, Shishaki mfalme wa Misri alipanda na kuchukua hazina za nyumba ya Bwana na za nyumba ya mfalme. Wanahistoria wengi wanamtambua kuwa ndiye Farao Sheshonki wa Kwanza, aliyeacha katika ukuta wa hekalu la Karnak orodha ya miji aliyoishambulia katika nchi hiyo, karibu na mwaka 925 kabla ya Kristo. Naye Asa, aliyeleta hekaluni vitu vitakatifu vya baba yake na vyake mwenyewe, baadaye alivitoa fedha na dhahabu vilivyosalia, akampelekea Ben-Hadadi wa Dameski ili amshambulie mfalme wa Israeli. Yaani mali iliyowekwa wakfu ilitumika kumkodi mgeni aje kumpiga ndugu.

Lakini kisa kinachohuzunisha kuliko vyote ni cha Yoashi. Alipokuwa mtoto mchanga, nyanya yake Athalia aliwaua watu wa jamaa ya kifalme ili atawale yeye. Shangazi yake alimwiba mtoto, akafichwa ndani ya hekalu miaka 6. Katika mwaka wa 7 kuhani Yehoyada alimtoa ili awekwe kuwa mfalme, na walinzi waliomzunguka aliwapa mikuki na ngao za Daudi zilizokuwa katika nyumba ya Bwana. Mtoto aliokoka nyuma ya ngao zilizotunzwa hekaluni. Alipokuwa mtu mzima alilitengeneza hekalu; kuhani alitoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na altare, na watu wakatoa fedha humo. Kisha Hazaeli wa Aramu akauelekea Yerusalemu kwa jeshi. Yoashi akavichukua vitu vyote vilivyowekwa wakfu na baba zake Yehoshafati, Yehoramu na Ahazia, na vile alivyoviweka wakfu yeye mwenyewe, akampelekea Hazaeli. Aliyeokolewa na hazina ya Mungu aliimwaga kwa mikono yake.

Hezekia, mfalme mwema, hakuepuka njia hiyo. Mwaka 701 kabla ya Kristo, mbele ya Senakeribu wa Ashuru, alilipa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu, akaibandua dhahabu iliyofunika milango ya hekalu. Kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe, zilizoandikwa katika udongo wa mfinyanzi, zinataja pia talanta 30 za dhahabu, ingawa kwa fedha zinataja 800.

Hatimaye wakaja Wababeli. Mwaka 587 kabla ya Kristo, au 586 kwa hesabu nyingine, hekalu lilichomwa moto. Yakini na Boazi zilivunjwavunjwa pamoja na bahari ya shaba, na shaba yake ikachukuliwa Babeli. Shaba iliyotoka Aramu kama nyara ilitoka Yerusalemu kama nyara. Vyombo vitakatifu viliwekwa katika nyumba ya mungu wa Nebukadneza, sawasawa kama Mesha alivyofanya na kama Daudi alivyofanya. Koreshi wa Persia alipowaruhusu Wayahudi kurudi, mwaka 538 kabla ya Kristo, Kitabu cha Ezra kinasema walirudishiwa vyombo 5,400 vya dhahabu na vya fedha. Nguzo za shaba hazikurudi.

Njia nyingine

Lakini katikati ya historia hiyo ya kujaza na kumwaga, Maandiko yametunza njia nyingine, ambayo pengine hatuisikii mara nyingi.

Katika siku za mfalme Ahazi, karibu na mwaka 735 kabla ya Kristo, jeshi la Israeli, yaani ufalme wa kaskazini, liliwapiga ndugu zao wa Yuda. Sura ya 28 ya Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati inasema kwamba waliteka watu 200,000, wanawake, wavulana na wasichana, pamoja na nyara nyingi, wakazipeleka Samaria. Nabii mmoja, jina lake Odedi, alitoka kulilaki jeshi hilo. Hakuuliza fungu la Mungu liko wapi. Aliuliza kama wao wenyewe hawana makosa mbele ya Bwana, akawaamuru wawarudishe ndugu zao. Baadhi ya wakuu wa Efraimu wakasimama upande wake. Ndipo wenye silaha wakawaacha mateka na nyara mbele ya kusanyiko lote. Watu waliochaguliwa wakazichukua zile nyara, wakawavika nguo wote waliokuwa uchi, wakawapa viatu, chakula na kinywaji, wakawapaka mafuta, wakawapandisha punda wale waliokuwa dhaifu, wakawafikisha Yeriko, mji wa mitende, kwa ndugu zao.

Tuutazame mji huo. Ni Yeriko ule ule ambao, siku za Yoshua, dhahabu yake iliingia katika hazina na watu wake wakaangamizwa. Sasa nyara zinarudi njia ile ile zikiwa zimevaliwa na wenyewe walioporwa. Mafuta, punda, Wasamaria na njia ya Yeriko: wengi wameona hapa chanzo cha mfano ambao Yesu atakuja kuusimulia juu ya Msamaria mwema.

Karne kadhaa baadaye Yuda Makabayo alitembea katika njia hiyo. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 8, kinasimulia kwamba baada ya kulishinda jeshi la Nikanori, watu wake waliishika kwanza Sabato, kisha wakawapa sehemu ya nyara waliokuwa wameteswa, wajane na yatima, ndipo wakagawana kilichobaki wao na watoto wao. Kitabu hicho hicho, katika sura ya 3, kinaeleza kwamba sehemu ya fedha iliyokuwa hekaluni ilikuwa amana ya wajane na yatima. Hapo ghala la Shelomithi limepata maana mpya: hazina ya Mungu ni mahali ambapo mali ya asiye na mtetezi haiguswi.

Vipande thelathini

Injili inatufikisha mbele ya hazina hiyo mara mbili katika siku za mwisho za Bwana wetu. Mara ya kwanza, Yesu ameketi akiwatazama watu wakitia fedha. Anapita matajiri wote, anamsifu mjane mwenye senti mbili. Mara ya pili, Yuda Iskariote anavirudisha vipande 30 vya fedha na kuvitupa hekaluni. Makuhani wakuu wanakataa kuvitia katika hazina, kwa sababu ni bei ya damu, wakanunua navyo shamba la kuwazika wageni.

Walikuwa na haki katika sheria: hazina ya Mungu haipokei bei ya damu. Ila waliotamka hayo ndio walioilipa bei hiyo. Waliisafisha sanduku la sadaka, wakaiacha mikono yao. Kwa Daudi tuliona mali imekubaliwa na mikono imekataliwa. Hapa mali imekataliwa, na wenye mikono wakajiona safi. Tangu Akani hadi makuhani hao, Maandiko yanaturudisha mahali pamoja: Mungu haulizi tu umeleta kiasi gani, anauliza kitu hiki ulikitoa kwa nani.

Vijana wapendwa, siku moja baadhi yenu mtakaa katika kamati ya ujenzi wa kanisa, au mtashika hesabu ya jumuiya. Atakuja mtu mwenye bahasha nene, na kila mtu mtaani atajua ilikotoka. Siku hiyo mkumbuke nguzo mbili za shaba zilizopendeza sana na hazikudumu. Na mkumbuke punda waliokwenda polepole kuelekea Yeriko.

Kwa mazungumzo katika kikundi

1. Wakuu wa jeshi katika Hesabu 31 walishinda, lakini walileta dhahabu ya upatanisho. Waliona deni gani?

2. Yoashi alitoa vitu vitakatifu ili kuuokoa mji. Je, alikosea? Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

3. Someni pamoja 2 Mambo ya Nyakati 28:8-15. Katika mtaa au kijiji chenu, ni nani anayengoja kurudishiwa kilicho chake kabla ya kuletewa sadaka yetu?